Nilivyokwenda Birmingham Kukaa na Wanangu

Ndugu zangu wa Voi,

Tangu nirudi mmekuwa mkinisimamisha njiani, kanisani, hata mlangoni mwa darasa watoto wakiwa katikati ya hesabu. "Mwalimu, Ulaya kulikuwaje?" Nami nawajibu kwamba safari ilikuwa njema, mvua ilikuwepo, na watu wenu wote wanawasalimu. Yote hayo ni kweli. Lakini mkiniuliza kwa nini nimerudi peke yangu, naangalia saa. Sasa nimechoka kuangalia saa. Naandika mara moja, msome, mpokezane, tusirudie tena.

Kwa asiyejua: mke wangu Mkawasi alikwenda Birmingham kusomea uuguzi. Mama yangu, aliyekuwa akitulelea watoto, alipofariki, niliwapeleka wakakae na mama yao, Mghoi akiwa na miaka saba na mdogo wake Mwadime mitatu. Tulisema ni kwa mwaka mmoja. Ikawa minne. Mwaka huu Mkawasi akaniandikia: "Mghoi anaanza sekondari mwezi wa tisa. Likizo ya Agosti njoo ukae nao wiki tatu. Mimi niko zamu ya usiku, mchana nalala, kwa hiyo watakuwa wako wewe. Mwisho wake nitawauliza mbele yako kama wanataka kurudi nawe. Wakikubali, nitawafungia mizigo kwa mkono wangu." Hilo ndilo lililonipeleka. Sikwenda kutalii.

Voi hadi Nairobi

Treni ya kutoka Mombasa ilichelewa saa nne, na kuchelewa huko ndiko kulikoniponza. Ingalifika kwa wakati wake ningaliondoka na vifurushi vitatu tu. Lakini katika zile saa nne habari ilifika mpaka Mwatate kwamba Mwalimu anakwenda Birmingham, na kila mwenye mtu wake kule akaja stesheni mbio. Mlikuja na unga ndani ya foronya, maharagwe, mizizi ya kuchemsha kwa ajili ya mgongo, barua zilizoandikwa palepale juu ya goti. Mzee Mwabili alileta kilo mbili za karanga za kukaanga kwa ajili ya mwanawe Eliud wa Castle Vale. Kufikia treni inapiga honi, nilikuwa na vifurushi kumi na kimoja.

Sanduku halikufunga. Nikatoa mpira wa ngozi niliomnunulia Mwadime, na kikapu cha mkonge ambacho dada yangu alimsukia Mghoi mwezi mzima. Nilimwachia karani wa stesheni, na mpaka leo viko kwake. Nilijiambia kwamba wanangu wataelewa, ila watu wa nje hawataelewa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na siwalaumu ninyi mlionipa. Kinywa cha kukataa nilikuwa nacho.

Roma, siku tatu

Ndege iliharibika tukiwa Roma. Tulitolewa tukawekwa katika hoteli karibu na uwanja, tukaambiwa tungoje saa mbili. Zikawa siku tatu. Fundi alikuwa akija, anafungua kitu, anakifunga, anakwenda kula.

Humo ndimo nilimojuana na Mama Nduku wa Machakos, mama mtu mzima aliyekuwa akienda kumwona bintiye, ambaye pia ni muuguzi. Kila mlo ulikuwa tambi. Siku ya kwanza aliziinua kwa uma, akaziangalia zinavyoning'inia, akazirudisha. "Mwalimu, omba wewe kwanza, halafu ule wewe kwanza," akaniambia. Siku ya pili alikuwa akiomba nyongeza.

Akaniuliza nawapelekea nini wanangu. Nikamwonyesha vilivyobaki: gauni na shati alivyoshona fundi wetu pale sokoni. Akaliinua shati, akalipima kwa viganja.

"Huyu ana miaka mingapi?"

"Saba."

"Na kipimo ulikitoa wapi?"

"Kichwani."

Akacheka sana, kisha akaacha ghafla, akalikunja shati vizuri akanirudishia. "Haya," akasema, "labda ni mdogo wa mwili." Nilimshukuru kwa huo uongo.

London hadi Birmingham

Basi la kutoka London lilisimama njiani muda mrefu kwa sababu ya matengenezo ya barabara. Jirani yangu, mzee wa Kizungu, alinipa nusu ya mkate wake wenye jibini na kachumbari ya siki, asiseme neno. Nikala, nami nisiseme neno. Katika safari yote hakuna niliyeelewana naye kuliko huyo.

Mkawasi alikuwa stendi na watoto, mvua inanyesha. Nikaweka masanduku chini, nikasimama. Kwetu mtoto ndiye humwamkia mkubwa, nikangoja. Wao kumbe walikuwa wameambiwa na mama yao, "Msimrukie, ametoka mbali, ngojeni awasalimu." Basi tukasimama pale, wanne, tunalowa, kila mmoja akimngoja mwenzake. Mwadime alikuwa akiangalia masanduku. Mghoi, ambaye sasa ananifika begani, ndiye aliyechoka kwanza. Akanyoosha mkono.

"Hello, Baba. How was your journey?"

Akanisalimu hivyo kama mwalimu mkuu anavyomsalimu mkaguzi.

Bordesley Green

Wanakaa vyumba viwili vya juu katika nyumba ya matofali mekundu iliyoshikana na nyingine nyingi, karibu na hospitali. Choo kiko uani. Mchana Mkawasi akilala, nyumba nzima hutembea kwa vidole.

Siku ile ya kwanza nilifungua sanduku katikati ya chumba, watoto wamepiga magoti pembeni. Kikatoka kifurushi. "That's mine?" Mwadime akauliza. Hapana, hicho ni cha Mama Shali. Kikatoka kingine. Hapana, hicho ni cha Eliud. Cha sita kilipotoka akaacha kuuliza. Chini kabisa zikatoka nguo zao. Shati lilikwama kwenye mabega, mikono imenyooka juu, ikabidi mama yake amvue huku anacheka ili asilie. Nani asilie, sikuuliza.

Ukutani Mghoi alikuwa amebandika karatasi yenye vyumba ishirini na kimoja, kimoja kwa kila siku, na ndani ya kila kimoja ameandika jambo la kufanya na Baba. Boti ziwani. Bwawa la kuogelea. Kula chipsi. Vitatu vya mwanzo alikuwa ameshavikata kwa sababu ya Roma. Niliisoma, nikamsifu mwandiko.

"Vizuri sana," nikasema. "Lakini kwanza tupeleke mizigo ya watu."

"How long will that take?"

"Siku mbili. Tatu."

Mnajua wenyewe kwamba mzigo wa mtu hauachwi mlangoni. Unaingia, unakaa, unapewa chakula, na huwezi kukataa. Kisha unaulizwa habari za nyumbani kuanzia kwa bibi hadi kwa ng'ombe. Kama kuna msiba unaueleza tangu ugonjwa ulipoanza. Nyumba moja ilimaliza siku nzima. Na walipokwisha watatu wa kwanza, wakazuka ambao hawakuwa na kifurushi lakini wamesikia nipo, na wamechukia kwamba sijawasalimu. Nikawaendea nao.

Watoto nilikwenda nao, msidhani niliwaacha. Nilitembea nao kila mahali, wamechanwa nywele, wamefunga vifungo mpaka shingoni. Walikaa kwenye kochi na glasi ya maji ya machungwa, kimya, huku sisi tukizungumza. Nami nilijivuna. Nilijua kwamba nakaa na wanangu, kwa sababu mimi na baba yangu ndivyo tulivyokaa. Sikumbuki hata siku moja baba yangu aliyocheza nami. Nilikuwa nakaa pembeni ya mazungumzo yake, namletea maji, nasikiliza, na ndivyo nilivyomjua, na nilimpenda sana. Nilidhani ndio mlango wenyewe, hakuna mwingine. Sikufikiri kwamba mimi nilikuwa nimezaliwa ndani ya mazungumzo yale, na wanangu walikuwa hawafahamu nusu yake.

Siku ya nane Mkawasi, akijiandaa kwenda kazini, alinitania. "Baba Mghoi, ukirudi nyumbani ugombee ubunge. Kura za Birmingham umeshazimaliza." Nikacheka. Yeye hakucheka kwa muda mrefu.

Kings Heath

Kifurushi cha saba kilikuwa chupa ya achari ya Bwana Gurdip. Wakubwa mtamkumbuka, yule Singasinga fundi wa karakana ya reli pale Voi. Sasa ana duka la misumari na rangi Kings Heath, kwenye barabara kuu. Aliponiona alitoka nje ya kaunta akanikumbatia, Kiswahili chake kilekile cha Voi, akaifungua chupa na kunusa kabla hata sijamaliza salamu. Machozi yakamtoka. Akasema ni pilipili.

Akatazama watoto. "Hawa ni wako?"

"Wangu."

"Umekuja kukaa nao mpaka lini?"

Nikamweleza yote, hata swali ambalo mama yao atawauliza. Akaweka kifuniko kwenye chupa. Mkewe alikuwa ameleta chai. Gurdip akanipa kikombe mkononi, nikiwa nimesimama vilevile.

"Mwalimu, kunywa hii upesi uende. Ziwa lenye boti liko hapo chini, dakika ishirini kwa miguu, na leo mvua imekatika. Mimi utaniona siku nyingine. Wanangu mimi walikua wakati nahesabu misumari, sasa wanakuja Jumapili, wananiuliza afya, wanaangalia televisheni. Nenda. Nenda, bwana!"

Na akanifungulia mlango.

Hapa ndipo ninapojichukia, na nawaambia waziwazi. Mimi nilikasirika. Mtu nimembebea chupa yake kutoka Voi, nimeifunga ndani ya fulana zangu isivunjike, ananipa chai bila hata kunikalisha na kunionyesha mlango! Nyumbani, anayefanyiwa hivyo ameambiwa kwamba hatakiwi. Niliweka kikombe kikiwa nusu, nikaaga kwa ubaridi, nikawashika watoto mkono mpaka kituo cha basi. Basi lilipopita karibu na bustani ile Mwadime aligeuza shingo, akaendelea kuigeuza mpaka kona. Mimi nilikuwa natunga moyoni maneno ambayo nitawaambia ninyi juu ya utovu wa adabu wa Gurdip.

Castle Vale

Kifurushi cha mwisho kilikuwa karanga za Mzee Mwabili. Castle Vale ni mbali, mabasi mawili, mahali palipokuwa uwanja wa ndege zamani, sasa pamejaa maghorofa marefu na upepo. Mghoi hakutaka kuja. Nikamwambia hiki ndicho cha mwisho, na kesho boti, bila kukosa. Akavaa koti.

Eliud anakaa ghorofa ya tisa, na lifti ilikuwa mbovu. Tukapanda, tukagonga, hakuna mtu. Tukashuka. Mvua ikaanza kupiga kwa kishindo, basi la kurudi likapita mbele yetu bila kusimama, tukabaki tumekaa kwenye ngazi za chini, watatu, njaa inauma. Mwadime akauliza kifurushi kina nini. Nikasema karanga za watu. Akanyamaza. Sijui nini kilinipata. Labda ni kule kunyamaza kwake, kwa mtoto aliyekwisha kuzoea. Nikaikata kamba.

Mzee Mwabili, nisamehe, ndiyo sababu zilifika pungufu.

Tulikula kwa mikono, tunapuliza maganda membamba, yanaruka na upepo. Mwadime alikuwa anapuliza ya kwake yaniingie ndevuni. Nikampulizia na mimi. Mghoi akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu nifike, ni cha mama yangu kabisa, kile cha kuanza puani. Akaniuliza, kwa Kiingereza, kama ni kweli kwamba Bibi alikuwa akizikaanga kwenye mchanga. Nikamweleza. Akaniuliza kaburi lake liko wapi, kama kuna maua. Mwadime akapanda akakaa mapajani mwangu bila kuomba ruhusa, mfuko katikati ya miguu yake, akaniuliza kama nyumbani kuna simba, kama namfahamu hata mmoja, kama ningeweza kumbeba mgongoni mpaka shuleni. Nikasema ningeweza. Mghoi akasema, polepole, kwa Kiswahili, "Mimi nakumbuka mlango wa nyumba yetu. Ulikuwa bluu."

"Bado ni bluu," nikamwambia.

Tulikaa hivyo labda nusu saa. Katika siku zote kumi na nane, hiyo ndiyo nusu saa yangu.

Kisha Eliud akatokea na mwavuli, anatoka kazini. "Mwalimu! Haiwezekani! Tangu lini mmekaa kwenye baridi? Twendeni juu, twendeni juu!" Nikaona mkono wa Mghoi umenishika koti. Ningeweza kusema, "Eliud, hizi hapa karanga zako, baba yako anakusalimu, basi letu linakuja." Maneno yalikuwepo. Lakini nilifikiri itakuwaje Mzee Mwabili akisikia kwamba nilifika hadi ngazini kwa mwanawe nikakataa kupanda. Nikasimama. Mwadime akateleza kutoka mapajani.

Juu tulikaa saa nne. Eliud alipika, akaita rafiki zake wawili wa Taveta, tukaongea siasa. Nilipowageukia watoto walikuwa wamelala kwenye kochi na makoti yao. Kesho yake Mwadime aliamka na homa, hakuna boti, wala siku iliyofuata.

Jumapili ya mwisho

Baada ya kanisa Mkawasi alipika ugali wa semolina na mchuzi wa kuku. Tulipomaliza kula akafuta meza, akakaa, akawaambia watoto kwamba Baba anaondoka kesho, na kwamba wakitaka, yeye atawakatia tiketi wamfuate kabla shule hazijafunguliwa.

"Mseme mnavyotaka," akasema. "Hakuna atakayekasirika."

Mwadime alinitazama. "Will there be people at your house? Every day?"

Ningeweza kumdanganya. "Watu hawakosi," nikasema.

Akamtazama mama yake, akasogeza kiti chake karibu naye.

Mghoi alikuwa akikwangua ukoko kwenye sufuria kwa kijiko. "I've got school here," akasema. Kisha, kwa upole, kama anayeogopa kuniumiza: "You're very busy, Baba."

Najua mnachokisema, maana wengine wenu mlikwisha kuniambia kabla sijaondoka: watoto ni wa baba, mahari ilitolewa, angewashika mkono tu. Nililifikiria hilo. Neno lilinifika mdomoni pale mezani. Lakini nikamwona Mkawasi ameweka mikono yote miwili juu ya meza, imekauka kwa sabuni ya hospitali, anangoja kuona mimi ni mtu gani. Nikameza. Nikasema, "Sawa. Mama yenu amesikia, nami nimesikia." Nikaenda uani, nikakaa chooni mpaka jirani akagonga.

Kurudi

Masanduku yalirudi yamejaa, kama mjuavyo, maana kila niliyemtembelea alileta cha kwake cha kupeleka nyumbani. Sweta zenu, redio aliyoituma Mama Shali, miwani ya Mzee Mwabili, vyote vimefika, hakuna kilichopotea. Mkawasi alikuwa ametoka kazini asubuhi hiyo, macho mekundu, akaja hivyohivyo stendi. Kondakta alipakia mizigo. Mvua ilikuwa imekatika, kulikuwa hata na jua kidogo.

Safari hii sikungoja kuamkiwa. Niliinama nifungue mikono, lakini watoto walikuwa wamekwisha kujipanga, Mghoi mbele na Mwadime nyuma yake. Siku zote kumi na nane walikuwa wamekaa kwenye makochi ya watu na kuona namna wenyeji wetu wanavyoagana na mtu, na walikuwa wamejifunza barabara. Mghoi akanipa mkono wa kulia, akakishika kiwiko chake kwa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa kidogo. Mwadime akafanya vilevile. Kisha wakasema pamoja, kwa Kiswahili kisicho na kosa hata moja:

"Asante kwa kututembelea, Baba. Wasalimie nyumbani. Karibu tena."

Nikawashukuru, nikapanda basi.